Chakula cha vifaranga: Kipi ununue dukani, kipi uchanganye mwenyewe

Mwanza. Katika maeneo ya Igoma, Buhongwa, Nyegezi na Kisesa, banda dogo la kuku nyuma ya nyumba si jambo geni. Familia inanunua vifaranga 30 au 50 wa chotara, inawalea kwa miezi mitano, kisha inategemea mayai kwa ajili ya watoto na trei chache za kuuza ili kupata fedha za daftari, nauli na sabuni.

Vifaranga wakishafika nyumbani, swali linalofuata ni la mfukoni. Je, ununue mfuko wa chakula dukani, au uende Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, upite mashineni kuchukua pumba, kisha uchanganye mwenyewe?

Swali hilo lina uzito kwa sababu katika ufugaji wa kuku, chakula huchukua sehemu kubwa ya gharama zote, mara nyingi kati ya asilimia 60 na 70. Anayekosea hapo hupoteza faida hata kama kuku wake hawakuugua. Na kwa kuwa mayai na nyama vitaishia mezani, anachokula kifaranga kinahusu pia afya ya watoto wa nyumba hiyo.

Jibu fupi ni hili: wiki nne za kwanza nunua chakula cha dukani. Kuanzia wiki ya tano unaweza kuchanganya mwenyewe, ili mradi ujue kupima protini na uwe na malighafi safi na kavu.

Wiki nne ndogo kuliko unavyodhani

Wazazi wengi hujaribu kubana matumizi mwanzoni, kwa kuwa fedha nyingi zimeshaenda kwenye vifaranga na banda. Wengine huanza na pumba na chenga za mchele, wakisubiri vifaranga wakue ndipo wawape chakula kizuri. Hesabu inaonyesha kwamba hapo ndipo mahali pabaya zaidi pa kubana.

Kifaranga wa kuku wa mayai au chotara hula gramu 10 hadi 12 tu kwa siku katika wiki ya kwanza. Wiki ya nne anakula takriban gramu 35 au zaidi kidogo. Ukijumlisha wiki zote nne, kifaranga mmoja anakula kati ya nusu kilo na kilo moja, kutegemea aina. Maana yake ni kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 unaweza kuwafikisha vifaranga 50 mwisho wa wiki ya nne.

Kuku huyo wa mayai hadi anapokaribia kutaga, akiwa na wiki 18 hivi, atakuwa amekula takriban kilo saba. Kwa hiyo chakula cha wiki nne za mwanzo ni kama sehemu moja ya kumi tu ya kile atakachokula kabla ya yai la kwanza. Sehemu tisa zilizobaki ndizo zenye nafasi ya kupunguza gharama.

Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme mchanganyiko wa nyumbani unakuokolea Sh200 kwa kila kilo. Kwa mfuko wa kilo 50 umeokoa Sh10,000. Kama kila kifaranga ulimnunua kwa Sh2,000, vifaranga watano wakifa au wakidumaa, akiba yote imekwisha. Kwa kuku wakubwa wanaokula kilo 100 kwa mwezi, akiba ya Sh200 kwa kilo ni Sh20,000 kila mwezi, nao hawafi kirahisi kama vifaranga.

Sababu ya pili iko mwilini. Wiki hizo ndipo mifupa, utumbo na kinga ya kifaranga hujengwa. Utumbo wake bado ni mdogo, hauwezi kumudu makapi mengi. Aliyekosa protini na madini wakati huo hubaki mdogo, huchelewa kutaga na huwa wa kwanza kuugua. Chakula kizuri cha baadaye hakirudishi chote alichokosa.

Protini ndiyo inayopimwa

Vifaranga wa kuku wa mayai na chotara wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20 katika wiki nane za mwanzo. Kuku wa nyama, yaani broila, wanahitaji zaidi, asilimia 21 hadi 23 mwanzoni, kwa sababu wanatakiwa kufikia uzito wa kuuzwa katika wiki tano au sita. Kuanzia wiki ya tisa, kuku wa mayai wanaokua hutosheka na asilimia 15 hadi 16, na wakianza kutaga wanahitaji asilimia 16 hadi 17.

Hapa ndipo mchanganyiko mwingi wa nyumbani unapoanguka. Mahindi yana protini ya takriban asilimia 9 na pumba za mahindi asilimia 10 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata chini ya asilimia 10, nusu tu ya mahitaji ya kifaranga. Anajaza tumbo, lakini hakui.

Viungo vinavyopandisha protini ni vitatu, na vyote vinapatikana Kanda ya Ziwa. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wana takriban asilimia 55. Soya ina asilimia 36 hivi. Mashudu ya alizeti hubadilikabadilika kulingana na kiasi cha maganda yaliyobaki, lakini asilimia 25 ni kadirio la kufanyia kazi.

Kwa broila, usijaribu kuchanganya mwenyewe kama unaanza. Kuku hao wanakua haraka mno, na kosa dogo katika chakula linaonekana kwenye miguu na uzito kabla hujapata muda wa kulirekebisha.

Mchanganyiko wa kilo 100, wiki ya tano hadi ya nane

Mchanganyiko ufuatao unafaa vifaranga wa mayai na chotara waliomaliza wiki nne za chakula cha dukani:

- Mahindi yaliyoparazwa, kilo 50
- Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 13
- Pumba laini za mahindi, kilo 12
- Mashudu ya alizeti, kilo 12
- Dagaa waliosagwa, kilo 10
- Unga wa mifupa, kilo 1.5
- Chokaa ya mifugo, gramu 750
- Mchanganyiko wa vitamini na madini, maarufu kama primiksi, gramu 500 au kama lebo inavyoelekeza
- Chumvi ya mezani, gramu 250

Kujua protini yake, zidisha kilo za kila kiungo kwa asilimia yake kisha gawa kwa 100. Mahindi yanaleta kilo 4.5, soya 4.7, pumba 1.2, mashudu 3 na dagaa 5.5. Jumla ni kilo 18.9 katika kilo 100, yaani karibu asilimia 19. Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwenye simu kila unapobadilisha kiungo, kabla hujatoa fedha.

Kuanzia wiki ya tisa hadi kuku wanapokaribia kutaga, punguza vitu vya bei: mahindi kilo 45, pumba 25, mashudu ya alizeti 16, soya 6 na dagaa 5, na viungo vidogo vibaki vilevile. Mchanganyiko huo unatoa protini ya takriban asilimia 15.5. Hapo ndipo akiba inapoonekana, kwa kuwa dagaa na soya vimepungua kwa nusu.

Viungo vidogo visidharauliwe. Bila primiksi, kifaranga anaweza kukosa vitamini B2 na vidole vyake vikajikunja. Akikosa vitamini D, au madini ya kalisi na fosforasi, mifupa inalainika na anashindwa kusimama. Lakini usimwage chokaa kwa kukisia. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalisi nyingi, karibu mara nne ya kile cha vifaranga, na kalisi hiyo huumiza figo za kifaranga. Ndiyo maana haifai kuwapa vifaranga chakula cha kutagia kwa sababu tu kilibaki stoo.

Soya lazima ikaangwe kwanza. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa. Mzazi anayetengeneza uji wa lishe anaijua kazi hii: kaanga kwa moto wa wastani huku ukigeuza hadi ibadilike rangi na kutoa harufu nzuri, iache ipoe, ndipo usage.

Wakati wa kuchanganya, anza na viungo vidogo. Primiksi, chumvi, chokaa na unga wa mifupa vichanganye kwanza na kilo tano za mahindi hadi vienee. Kisha mwaga juu ya vingine kwenye turubai safi au sakafu ya saruji, na geuza kwa beleshi mara kadhaa. Usipofanya hivyo, kifaranga mmoja atakula chumvi ya wenzake kumi.

Dagaa: mchanga, mvua na mwezi

Mfugaji wa Mwanza ana bahati ya kuwa karibu na dagaa. Lakini dagaa ndiyo malighafi inayowaangusha wengi.

Tatizo la kwanza ni mchanga. Dagaa wanaoanikwa chini ufukweni hubeba mchanga, nao unapimwa kwenye mizani kwa bei ya dagaa. Kama katika kilo 10 ulizonunua kuna kilo mbili za mchanga, umepoteza zaidi ya kilo moja ya protini na mchanganyiko wako umeshuka chini ya asilimia 18. Kabla ya kununua, tumbukiza konzi moja ya dagaa kwenye chombo cha maji na uwasugue. Mchanga utazama chini na utauona. Walioanikwa kwenye chanja au nyavu zilizoinuliwa huwa safi zaidi.

Tatizo la pili ni kuoza. Wakati wa mvua dagaa hawakauki vizuri. Huvunda, hubadilika rangi na kutoa harufu kali. Dagaa wa namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha mifugo, na wengi huamini kuku hawadhuriki. Vifaranga wanadhurika. Samaki waliooza huzalisha kemikali zinazochubua firigisi na utumbo wao.

La tatu ni wakati wa kununua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo uvuvi wake hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika, mzigo unapungua na bei hupanda. Mwenye nafasi ya kuhifadhi mahali pakavu atapata nafuu akinunua siku za giza, tena msimu wa jua.

Mapanki ya sangara nayo hutumiwa, lakini yana mifupa mingi kuliko nyama. Hayawezi kuchukua nafasi ya dagaa kilo kwa kilo, na ukiyatumia lazima upunguze unga wa mifupa na chokaa. Ukitumia dagaa wa baharini waliotiwa chumvi, ondoa chumvi kwenye mchanganyiko, kwa sababu chumvi nyingi huua vifaranga.

Mashudu ya pamba si ya vifaranga

Kanda ya Ziwa ni eneo la pamba, na mashudu yake hupatikana kwa urahisi. Ng'ombe wanayamudu. Kwa vifaranga hali ni tofauti, kwa sababu mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli inayopunguza ukuaji na kudhuru moyo na ini. Hata kuku wanaotaga wakila kwa wingi, kiini cha yai hubadilika kuwa na rangi ya kijani au kahawia likikaa. Mteja akivunja yai la namna hiyo mara moja, harudi tena.

Pumba za mpunga zinazopatikana kwenye mashine za Magu, Misungwi na Sengerema nazo zichaguliwe. Zile laini, zenye mafuta kidogo ukizifinya, zinafaa kwa kiasi. Maganda magumu ya mpunga hayameng'enywi. Kazi yake ni kwenye sakafu ya banda.

Sumukuvu: hatari inayofika mezani

Nyumba nyingi zina utaratibu mmoja usiosemwa: mahindi mazuri ni ya ugali, yaliyopata ukungu ni ya kuku. Huu ndio ubanaji wa gharama wenye hatari kubwa kuliko wote.

Ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mashudu yaliyohifadhiwa na unyevu unaweza kutengeneza sumukuvu. Dunia iliijua sumu hii kupitia chakula cha ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu kutoka Brazil, na kutoka hapo sumukuvu ikagunduliwa.

Tanzania nayo imeionja. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ghafla baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 kati yao walifariki dunia.

Kwa kifaranga, sumukuvu hushambulia ini, hupunguza ukuaji na kudhoofisha kinga, kiasi kwamba hata chanjo haifanyi kazi ipasavyo. Mfugaji huona vifaranga wanakufa mmoja mmoja, akadhani ni ugonjwa, akanunua dawa. Kwa binadamu, sumu hiyo ikiliwa kidogokidogo kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ini. Kiasi kidogo chake kinaweza kupita kwenye maini ya kuku na mayai. Kupika hakuiondoi, na kuchagua punje zenye ukungu kwa macho hakutoshi, kwa sababu sumu yenyewe haionekani.

Kinga ni ukavu. Kupima mahindi nyumbani, chukua chupa kavu ya kioo, weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga na utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yaanike tena. Chumvi ikibaki chini, unaweza kuhifadhi.

Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Chakula kilichochanganywa kiishe ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kikiganda mabonge au kutoa harufu ya uvundo, kitupwe. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa yasitumike kabisa.

Mfuko wa dukani nao ukaguliwe

Chakula cha dukani si salama kwa sababu tu kimeshonwa kwenye mfuko. Nchini kuna sheria ya mwaka 2010 inayosimamia malisho na vyakula vya mifugo, lakini macho ya mnunuzi bado yanahitajika.

Angalia lebo: jina la mtengenezaji, aina ya chakula na umri wa kuku, kiwango cha protini, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Hakikisha mshono haujafunguliwa na kushonwa upya. Chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko ulio wazi ni rahisi kuongezewa pumba, na huwezi kujua kimekaa muda gani. Kwa vifaranga ni afadhali familia mbili jirani wanunue mfuko mmoja uliofungwa na kugawana siku hiyohiyo.

Ukifika wakati wa kuhama kutoka chakula cha dukani kwenda cha nyumbani, usibadilishe ghafla. Siku mbili za kwanza weka robo ya chakula kipya, siku mbili zinazofuata nusu, kisha robo tatu. Baada ya wiki moja wamezoea.

Kama una shaka na mchanganyiko wako, wagawe vifaranga kumi wale cha nyumbani na kumi wale cha dukani, kisha wapime kila wiki kwa mizani ya jikoni, siku na saa ileile. Wa nyumbani wakibaki nyuma sana, tatizo liko kwenye mchanganyiko. Dalili nyingine ni kudonoana, manyoya yasiyoota vizuri na kundi lisilolingana kwa ukubwa.

Ushauri upo karibu. Maofisa mifugo wa kata wapo, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Mwanza, na huko Mabuki wilayani Misungwi kuna kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI na chuo cha mafunzo ya mifugo cha LITA.

Dagaa wa mtoto kwanza

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye daftari la mfugaji. Dagaa wanaopandisha protini ya kifaranga ndio haohao wanaopandisha protini kwenye sahani ya mtoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mayai yanasaidia: yai moja lina takriban gramu sita za protini, pamoja na vitamini na madini. Nchini Ecuador, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha watoto 163 wa miezi sita hadi tisa. Waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walipungukiwa na udumavu kwa asilimia 47 ikilinganishwa na wenzao.

Jaribio kama hilo lilipofanyika wilayani Mangochi, Malawi, kwa watoto 660, na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, tofauti kubwa ya ukuaji haikuonekana. Sababu moja iliyoelezwa na watafiti ni kwamba watoto wengi wa huko, wanaoishi jirani na ziwa, tayari walikuwa wakila samaki.

Kwa mzazi wa kando ya Ziwa Victoria, funzo liko wazi. Samaki aliyepo leo nyumbani ana thamani kwa mtoto sawa na yai litakalotagwa miezi mitano ijayo. Hakuna faida ya kumpunguzia mtoto dagaa ili kumlisha kifaranga. Na mayai yakianza kutagwa, ya watoto yatengwe kwanza kabla trei haijapelekwa sokoni.

Tahadhari za nyumbani

Magamba ya konokono wa ziwani hutumika kama chanzo cha kalisi kwa kuku wanaotaga. Yakihitajika, yanunuliwe yakiwa makavu na yamesagwa. Usimtume mtoto kuyaokota majini, kwa sababu kichocho kipo kandokando ya Ziwa Victoria, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi ya anayeingia majini.

Vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, ndiyo maana familia nyingi huwalea ndani kwa jiko la mkaa. Jiko hilo lisiwekwe kwenye chumba wanacholala watu. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua usingizini. Watoto wadogo wasibusu wala kulala na vifaranga, na kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni, kwani vifaranga wanaweza kubeba bakteria wa salmonela hata wakionekana wazima.

Dawa za antibayotiki zisichanganywe kwenye chakula au maji kama kinga ya kila siku. Tabia hiyo hujenga usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mabaki yake hubaki kwenye mayai. Kuku akitibiwa, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kula au kuuza mayai yake.

Chakula bora nacho hakichukui nafasi ya chanjo. Mdondo unaweza kumaliza kundi zima ndani ya siku chache. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa na TVLA huvumilia joto kuliko chanjo nyingine na hutolewa kwa tone la jicho, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Vifaranga wa kununua wahitaji pia chanjo ya gumboro kwa ratiba ya mtaalamu.

Kabla ya kwenda sokoni

Chukua daftari. Andika bei ya leo ya kila kiungo, zidisha kwa kilo zake, ongeza gharama ya kusaga na nauli ya bajaji au bodaboda, kisha gawa jumla kwa 100. Hiyo ndiyo bei halisi ya kilo moja ya chakula chako. Gawa bei ya mfuko wa dukani kwa kilo zake na ulinganishe.

Kama tofauti ni ndogo, nunua mfuko uokoe muda. Kama ni kubwa, changanya, lakini uanzie wiki ya tano. Na kama bei imeshuka kwa sababu mahindi yana ukungu au dagaa wameoza, rudisha fedha mfukoni, maana gharama yake utailipa bandani na mezani.